Kamati ya Harusi ya Oveni

Ukifika Mshangano ukamuulizia Lukresia Komba, utaulizwa kwanza, "Yule wa mikate?" Ukisema ndiyo, hutaonyeshwa njia kwa kidole. Utapelekwa mpaka mlangoni, maana huyo anayekupeleka anajua hatarudi mikono mitupu. Mimi ni jirani yake mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kati ya ua wangu na wake kuna mstari wa migomba tu, na nimeona niandike habari zake mapema kabla watu wa mtaa huu hawajaziharibu. Wameshaanza. Juzi kwenye foleni ya bomba nimemsikia mmoja akieleza kwa sauti kubwa kwamba oveni ya Lukresia aliletewa na wafadhili. Wafadhili gani? Oveni ile aliioa mwenyewe. Kamati ya harusi ilikaa, na mweka hazina nilikuwa mimi.

Lukresia ni mtoto wa nne wa marehemu mzee Otto Komba, mkulima wa mahindi wa kule Maposeni. Alimaliza la saba, akaenda Peramiho kufanya kazi jikoni kwa masista, na huko ndiko mikono yake ilikouzoea unga wa ngano. Hakuolewa. Msiniulize kwa nini. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu, "Mama Agape, wewe uliyeolewa umeshamaliza kazi zako?" Nikarudi kwangu kuosha vyombo. Ana miaka hamsini na mmoja, mrefu, ana mikono kama ya mpasua mbao, na hachekicheki.

Miaka yote hiyo mikate alikuwa akiioka kwenye tanuri la matofali nyuma ya nyumba, na unga akiukanda kwa mikono kwenye beseni kubwa la plastiki. Siku ya jua mikate sitini. Siku ya mvua arobaini, maana kuni zikilowa tanuri linatoa moshi tu, na mkate wa moshi hata mume wangu anaukataa, mtu ambaye hajawahi kukataa chakula.

Sasa mwaka jana, mwezi wa pili, shule moja ya bweni hapa mjini ikamwita. Mwalimu mkuu, mama mmoja hana maneno mengi, akamwambia, "Watoto wanaupenda mkate wako. Muhula wa mwezi wa saba nataka mikate mia mbili kila siku ya shule. Ukiweza, kazi ni yako. Usipoweza, nachukua ya gari."

Mikate ya gari ni ile inayotoka mbali, inafika imebonyea kama imekaliwa.

Lukresia alirudi akakaa kwenye kigoda changu, akapiga hesabu kwa sauti. Mia mbili kwa tanuri lile haiwezekani hata angeongeza mikono sita. Alihitaji oveni ya gesi na mashine ya kukandia unga. Akaenda benki. Wakataka hati ya nyumba. Hati iko kwa jina la kaka yake. Wakataka sahihi ya mwenza. Yule kijana wa benki akamuuliza, "Mama, mwenza wako tumwandike nani?"

"Andika hajazaliwa," Lukresia akasema, akachukua mkoba wake.

Kikoba chetu cha kuweka na kukopa nacho kilikuwa kimeshagawana hela zote Desemba, kisanduku kimebaki na kufuli tu. Basi akaendelea kuulizia mpaka akapata kampuni moja mjini inayokopesha mashine. Hawa hawataki hati wala mume. Wao wananunua mashine, unakaa nayo kwako, unailipia kila mwezi kwa miaka miwili, na mpaka umalize inabaki mali yao. Ukishindwa wanakuja na gari kuichukua. Sharti lao ni moja: utangulize theluthi, hivi hivi, mkononi. Oveni ya trei kumi na mbili pamoja na mashine ya kukandia ilikuwa milioni sita. Theluthi yake ni milioni mbili.

Karani wa pale, kijana anaitwa Clinton, mpole, anasema shikamoo kila akikupita, akamwambia, "Mama, ipo moja tu stoo. Kuna mtu wa Mbinga anaipigia simu. Nakushikia mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa sita. Zaidi ya hapo nitagombana na bosi."

Lukresia akauza nguruwe wake wote watano na akiba yake akaitoa chini ya godoro. Ikafika laki tano. Ilipungua milioni moja na nusu, na muda ulikuwa wiki saba.

Hapo ndipo alipofanya lile jambo.

Jumamosi moja tulisali jumuiya, sisi Wakatoliki wa mtaa, kwa Mwalimu Rupert. Huyu ni mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kila kamati ya harusi mtaa huu. Ukioa bila Mwalimu Rupert ni kama umetorosha mtu. Sala ikaisha, tukafika kwenye matangazo. Lukresia akasimama, mkononi ana kiroba cha unga kitupu, lakini si kitupu, kimetuna.

"Nina tangazo," akasema. "Nina harusi."

Mama mmoja akapiga kigelegele kabla hajafikiri. Mwalimu Rupert akavua miwani. "Lukresia! Binti yangu! Unaolewa na nani?"

"Siolewi, Mwalimu. Naoa. Naoa oveni."

Tulicheka jamani. Mimi nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakucheka. Alisubiri tumalize, akakipindua kile kiroba juu ya mkeka. Zikamwagika kadi. Kadi za harusi, za send-off, za kipaimara, za jubilei, zenye maua, zenye utepe, nyingine zimepauka.

"Ni sitini na tatu," akasema. "Zote nilichanga. Okoteni muangalie kona ya chini."

Nikaokota moja. Ilikuwa ya send-off ya mwanangu Agape, tulipomuaga kwenda kuolewa. Kona ya chini imeandikwa *Singo*. Kwetu hapa ukichanga kidogo unapata kadi ya kuingia mtu mmoja, hiyo ndiyo singo. Ukichanga zaidi unapata dabo, unaingia na mwenzako. Nikaokota nyingine. Singo. Nyingine. Singo.

"Nyinyi mnachangiana," Lukresia akasema. "Leo kwa Hironimus, kesho kwa Mama Agape, keshokutwa kwa mwingine. Zamu inazunguka. Mimi miaka thelathini natoa na zamu yangu haifiki, kwa sababu sina mume wala mtoto wa kuoza. Simlaumu mtu. Lakini leo zamu yangu nimekuja nayo mwenyewe."

Kicheko kilikuwa kimeshakufa. Hironimus, fundi seremala, mtu wa kubisha hata salamu, akainua kidole. "Dada Lukresia, mchango ni wa ndoa. Ndoa ni sakramenti. Oveni ni bati."

"Baba Pamela, send-off ya Pamela ilikuwa sakramenti ya ngapi?"

Watu wakaguna.

"Na ile keki ya ghorofa tano, niliyoioka mimi, katekisimu inaitaja ukurasa gani?"

Hironimus akashusha kidole. Lukresia akatoa bahasha akaanza kugawa kadi za mchango, zimechapwa vizuri kabisa kule mjini, karatasi ngumu. Yangu ninayo mpaka leo. Inasema: *Familia ya marehemu mzee Otto Komba wa Maposeni inayo furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali ili kufanikisha harusi ya mtoto wao mpendwa Lukresia na Oveni ya Trei Kumi na Mbili.*

Mwalimu Rupert aliisoma mara mbili. Kisha akavaa miwani. "Kadi imefuata taratibu," akasema. "Kamati ikae."

Lukresia akanigeukia. "Wewe uliyecheka kuliko wote, utakuwa mweka hazina."

Basi tukakaa kamati uani kwangu, kila Jumapili baada ya misa, kama kwa harusi yoyote. Watu walitoa. Nasema ukweli, sikutegemea. Wengine walitoa kwa aibu, wengine kwa kutaka kuona mwisho wake, lakini hela haina harufu ya nia ya mtu. Mpaka Jumapili ya mwisho kabla ya ile Ijumaa ya Clinton, tulikuwa tumekusanya milioni moja na laki tano na ishirini elfu. Imetosha na kuzidi! Nilitaka kupiga kigelegele mwenyewe.

Mwalimu Rupert akasimama na karatasi yake. "Ndugu wanakamati, bajeti ya shughuli ni hii. Ukumbi, laki tano. Emsii na muziki, laki mbili. Chakula na vinywaji, laki nne na nusu. Mapambo, elfu themanini, rangi zetu zitakuwa krimu na kahawia kufuatana na mkate. Zawadi kwa maharusi, yaani oveni, laki mbili na tisini."

Mnafikiri kuna aliyeshtuka? Kamati nzima ilitikisa kichwa. Mimi mweka hazina nilitikisa kichwa! Ndivyo kamati zetu zilivyozoea: watu wanachanga, watu wanakaa ukumbini, watu wanakula, na maharusi wanaenda nyumbani na mabuli ya chai na deni la suti. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Vichwa vilikuwa vinaiitikia bajeti vyenyewe kwa mazoea, kama unavyojibu litania.

"Mwalimu," Lukresia akasema polepole, "soma tena mstari wa mwisho."

Akasoma. Laki mbili na tisini.

"Na mashine nainunua na nini?"

Ndipo tulipotazamana kama watu waliopanda basi la Njombe wakati safari ni ya Tunduru.

"Lakini Lukresia," Mwalimu akasema, "watu wametoa. Hatuwezi kuwaalika wakae juani. Watakula nini?"

"Mkate."

"Mkate mtupu?" Hironimus akadakia. "Mimi nimetoa elfu thelathini nije nile mkate mtupu?"

"Na chai, Baba Pamela. Yako nitaitia sukari." Akasimama. Sauti yake haikupanda, lakini mikono yake ilikuwa inakunja kitenge kama inakanda kitu. "Sikuomba sherehe. Nimekula sherehe zenu sitini na tatu, nimeshiba. Naomba mashine. Ukumbi hakuna. Emsii hakuna. Mwenye kutaka hela yake ya pilau, mweka hazina yule pale na kisanduku chake, achukue sasa hivi, na sitamnunia."

Watatu walisimama, Hironimus akiwa wa kwanza. Nilimhesabia elfu thelathini zake moja moja huku nikimtazama usoni. Alitazama migomba. Hao watatu waliondoka na elfu sabini.

"Haidhuru," nikasema. "Ilizidi ishirini. Inapungua hamsini tu, nitaongezea mimi."

Mwalimu Rupert akakohoa. Nikakumbuka. Jumanne iliyotangulia alikuja kwangu akasema, "Mama Agape, nipe laki tatu nikaweke amana ya ukumbi, wasije wakatuwahi." Nikampa. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu, sikuuliza hata swali moja, maana mwenyekiti akiomba amana ya ukumbi mweka hazina anatoa. Kwa hiyo haikupungua hamsini. Ilipungua laki tatu na nusu, na Ijumaa ilikuwa siku tano mbele.

Nilidhani Lukresia atanipasua. Alisema tu, "Kesho asubuhi tunaenda kwa huyo mwenye ukumbi. Vaa viatu vya kutembea."

Mwenye ukumbi ni Bi Sharifa, mfanyabiashara aliyekuja toka Tanga miaka kumi iliyopita na kiti kimoja cha plastiki, sasa anavyo mia tatu. Tulimkuta anahesabu vitambaa vya meza.

"Amana hairudi," akasema kabla hatujakaa. "Imeandikwa pale ukutani, na anayesema hajui kusoma namsomea."

Mimi nikaanza kulia hali, mara jumuiya, mara mama maskini hana mume. Lukresia akanikanyaga mguu.

"Bi Sharifa, sikuja kuidai," akasema. "Wiki hii una shughuli ngapi?"

"Harusi mbili na maulidi."

"Mikate na keki za chai unachukua wapi?"

Bi Sharifa akasonya. "Zinakuja na gari. Za jana nimezirudisha nusu, zimeminywa utadhani zilikuja zimekaliwa na konda."

Lukresia akafungua mkoba akaweka mkate mezani, wa asubuhi ile ile, bado una joto. Bi Sharifa akaubonyeza, ukanyanyuka wenyewe. Akaunusa. Akaukata kwa mkono, na kabla hajautia mdomoni akasita.

"Mafuta gani humu? Nyinyi wa huku nawajua, kila ua una nguruwe."

"Alizeti. Nguruwe nilifuga, sikufichi, na jikoni kwangu hawakuwahi kunusa. Nimewauza wote mwezi uliopita na hawarudi. Njoo ukague siku yoyote, usinipigie simu."

Bi Sharifa akasema bismillahi, akala. Akala na kipande cha pili.

"Laki tatu yangu uliyonayo," Lukresia akasema, "usinirudishie. Ihesabu umenilipa kazi. Mikate na keki za shughuli zako, nitaleta mpaka laki tatu hiyo iishe. Uniongezee na hamsini leo, nazo nitazilipa kwa mikate. Ijumaa nalipia oveni. Jumamosi ya wiki ijayo unapata mzigo wa kwanza."

"Na nikikupa hizi, oveni usiipate?"

"Nitakuokea kwenye tanuri langu la kuni mpaka deni liishe, na Mama Agape huyu atakanda. Ana deni na mimi."

Bi Sharifa akanitazama mikono. Akacheka. "Mwanamke wewe ungekuwa na miguu ya meza ningekukodisha. Leteni karatasi tuandike."

Tuliandika. Laki tatu na nusu ikatoka kabatini, maana Lukresia alitaka zote ashike mkononi apeleke kwa Clinton, na Bi Sharifa alitoa. Tukatoka mle tukatembea mpaka kona. Kwenye kona nikasema, "Lukresia, nilikuwa nimeanza kulia, kumbe wewe unaweza kumuuzia mtu ukumbi wake mwenyewe." Akasema, "Kulia ungeanza ukishamaliza kukanda."

Ijumaa tulifika ofisini kabla hawajafungua. Clinton alipotuona akasema shikamoo mara mbili, moja ya salamu na moja ya woga. "Mama, nilikuwa nimeanza kumwandikia yule wa Mbinga."

"Futa," Lukresia akasema, akaweka milioni mbili mezani. Waliposogeza mkataba, aliusoma wote. Karatasi tisa. Clinton akamwonyesha pa kusaini mara tatu, na mara tatu akamwambia, "Subiri, sijafika hapo." Kwenye ukurasa wa sita akakuta neno la bima ambalo hakulielewa, akamtaka alieleze kwa Kiswahili cha watu. Akaelezwa. Akasaini jina lake lote, Lukresia Otto Komba, kwa herufi kubwa ambazo masista walimpendea.

Oveni ilikuja Jumamosi na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mtaa mzima ulikuwa pale, kamati na wasio kamati, na waliochukua hela zao pia walikuwepo, maana hakuna anayejinyima kuona. Wanaume sita wakaibeba mpaka mlango wa jiko, wakaisukuma, ikagoma. Mlango ulikuwa mdogo kwa upana wa viganja viwili. Wakaigeuza ubavu, ikagoma. Mwalimu Rupert akaanza kutoa maelekezo, ikagoma zaidi.

Hironimus akapita katikati yao bila kuomba njia. Akaupima mlango kwa shubiri, akaupima ule mzigo, akarudi kwake, akaja na nyundo na tindo. Akang'oa fremu nzima, akachonga ukuta pande zote mbili, vumbi jekundu likamjaa kichwani. Oveni ikaingia. Akaweka fremu mpya jioni ile, mbao zake, misumari yake. Lukresia alipomuuliza bei, akasema, "Leta chai." Akaletewa, na sukari ilikuwemo.

Harusi ndiyo hiyo ilivyokuwa. Watu walikaa uani kwenye mikeka na madebe, wakanywa chai, na fundi wa kampuni akawasha gesi, akamfundisha Lukresia vitufe. Mashine ya kukandia ikaunguruma, ikazungusha kilo ishirini na tano za unga kwa dakika kumi na tano, kazi iliyokuwa inamchukua asubuhi nzima. Yeye alisimama mbele yake mikono imening'inia, kama mtu aliyepokonywa mzigo njiani asijue aifanyie nini mikono yake. Mwalimu Rupert alikuwa katikati ya hotuba, amefika kwenye majukumu ya wanandoa, bibi harusi akamwacha akaenda kutoa trei.

Jumatatu muhula ukafunguliwa. Nilikuwa naye tangu usiku wa manane, nakata, napima, napanga kwenye makopo, na hakuna kosa langu hata moja aliloliacha lipite. Kulipopambazuka mikate mia mbili na kumi ilikuwa kwenye makreti, rangi moja yote, kama imezaliwa siku moja na mama mmoja. Tukaipakia kwenye bajaji ya mizigo. Mlinzi wa shule akafungua geti, mwalimu mkuu akatoka mwenyewe na karani wa stoo, wakaanza kuhesabu. Wakahesabu mpaka mwisho.

"Imezidi kumi," yule mama akasema.

"Hiyo kumi ni ya walimu," Lukresia akajibu. "Kesho watailipia."

Miezi kumi na moja sasa hajakosa siku hata moja ya shule, na hajakosa mwezi hata mmoja kwa Clinton. Anao wasichana watatu anaowalipa, na ukuta wa jiko ameusogeza tena, safari hii kabla ya kununua mashine nyingine. Kwa hiyo mtu akikwambia kwenye foleni ya bomba kwamba aliletewa na wafadhili, mwambie wafadhili walikuwa sisi. Tulitaka kuzila hela zake ukumbini, na yeye akatuzuia.